Maswali ya Wasomaji: Dawa za Maumivu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, au wanaoishi na mtu aliyefanyiwa, na zote zinauliza dawa gani ya maumivu inaweza kutumika bila kulidhuru tumbo lililokatwa na kushonwa upya. Majina ya walioandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

Swali: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 51 na nilifanyiwa baipasi ya tumbo miaka mitatu iliyopita. Uzito umepungua sana, lakini magoti yangu yalikwisha kulika kabla ya upasuaji na bado yananiuma. Daktari aliyenipasua alinikataza ibuprofeni na diklofenaki. Baadaye muuguzi mmoja aliniambia kwamba katazo hilo linahusu vidonge peke yake, kwa hiyo maumivu yanapozidi huwa nachomwa sindano ya diklofenaki, kwa kuwa sindano haipiti tumboni. Je, niko salama? Na kama sivyo, nitumie nini?

Jibu: Hapana, mama, si salama, na nakusihi usichomwe tena sindano hiyo mpaka utakapoonana na daktari aliyekupasua. Nasema hivi bila kuzunguka kwa sababu fikra kwamba sindano haipiti tumboni nimeisikia kwa wagonjwa, kwa wauzaji wa dawa, na hata kwa wahudumu wa afya wenye uzoefu, ilhali madhara yake yanaweza kumrudisha mtu hospitalini akitapika damu.

Diklofenaki ni moja ya dawa za kupunguza uvimbe na maumivu zisizo za jamii ya steroidi. Wenzake ni ibuprofeni, naproksini, indomethasini, piroksikamu, meloksikamu, ketorolaki, asidi ya mefenamiki na asprini. Zote hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Baadhi ya kemikali hizo ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu kwenye goti lako, lakini nyingine zina kazi ya kulilinda tumbo: huchochea utoaji wa ute unaofunika ukuta wake, hupunguza asidi, na huhakikisha kwamba ukuta huo unapata damu ya kutosha ili ujitibu kila unapochubuka. Dawa ikishaingia kwenye damu haina njia ya kuchagua kuzuia zile za gotini na kuziacha za tumboni. Uimeze, uchomwe, au uiweke kwa njia ya haja kubwa, itaishia kwenye damu, na damu itaifikisha tumboni. Ni kweli kwamba kidonge huongeza mwasho pale kinapougusa ukuta wa tumbo, lakini huo ni sehemu ndogo tu ya madhara yake.

Tumbo lako, kwa upande mwingine, halina tena ustahimilivu lililozaliwa nao. Katika baipasi daktari hutenga kijifuko chenye ujazo wa takriban mililita 30 katika sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Utumbo huo kwa kawaida hupokea chakula ambacho asidi yake imekwisha kupozwa na majimaji ya kongosho, lakini baada ya baipasi majimaji hayo huingia chini zaidi, kwa hiyo pale penye mshono utumbo hukutana na asidi bila kinga. Hapo ndipo vinapotokea vidonda ambavyo madaktari huviita vidonda vya mshononi. Vinaweza kuvuja damu polepole hadi mtu akapungukiwa damu bila kujua sababu, vinaweza kuacha kovu linaloziba njia ya chakula, na vinaweza kutoboka na kumwaga uchafu ndani ya tumbo. Uvutaji wa sigara, bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za steroidi kama prednisoloni huongeza hatari hiyo. Miaka mitatu kupita haijaiondoa, kwa kuwa mshono na mpangilio mpya wa tumbo ni wa maisha. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa kwa pamoja na vyama vya madaktari vya Marekani mwaka 2019 unasema dawa hizi ziepukwe kabisa inapowezekana baada ya upasuaji wa aina hii, na kwamba dawa mbadala ya maumivu itafutwe kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Sehemu hiyo ya pili naiona ya maana sana, kwa sababu mtu huitafuta dawa mbadala vizuri zaidi akiwa hana maumivu.

Kuna wanaouliza kama omeprazoli inaweza kuwa kinga inayoruhusu kuendelea na dawa hizi. Omeprazoli na wenzake hupunguza asidi, na kwa hakika hupunguza hatari, lakini haziurudishi ute wala mtiririko wa damu ambao diklofenaki imeupunguza. Daktari akilazimika kukuandikia dawa ya kundi hili kwa siku chache kwa sababu maalumu, ataiambatanisha na omeprazoli. Uamuzi huo ni wake baada ya kukupima, na haufai kufanywa kwenye kaunta ya duka la dawa.

Kuhusu magoti yenyewe, msingi wa matibabu uwe parasetamoli, ambayo nimeieleza kwa kirefu katika barua ya tatu. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ni habari tofauti na sindano, kwa kuwa kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, takriban asilimia 6 ya kile ambacho kingeingia kama ungemeza, na madaktari wengi huiruhusu kwa kiungo kimoja au viwili. Usiipake mwili mzima wala usiifunike kwa kitu cha moto, na umjulishe daktari wako kwamba unaitumia. Marhamu za kuchua zenye methili salisileti, ambayo ni ndugu wa asprini, zinahitaji tahadhari hiyo hiyo. Zaidi ya dawa, mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya paja chini ya mtaalamu wa mazoezi tiba husaidia kuliko watu wanavyodhani, na uzito uliokwisha kuupunguza unakufanyia kazi kila siku: utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kwa wagonjwa wa magoti ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Hayo yakishindikana, daktari wa mifupa anaweza kuzungumza nawe kuhusu sindano ya steroidi ndani ya kiungo au upasuaji wa goti. Dawa kama selekoksibu na etorikoksibu hulidhuru tumbo kwa kiasi kidogo kuliko diklofenaki, lakini hazikosi hatari, na zina tahadhari zake kwa moyo na figo, kwa hiyo usijianzishie.

Kwa kuwa umekwisha kuchomwa sindano hizo mara kadhaa, omba upimwe wingi wa damu, na umweleze daktari kama umepata kichefuchefu, maumivu chini ya kidari, au choo cheusi chenye kunata. Dalili mojawapo ikiwapo, anaweza kuamua kukuangalia kwa kamera ya tumboni.

Swali: Mimi nilifanyiwa slivu, na mdogo wangu amewekewa puto tumboni. Sisi hatuna mshono unaounganisha tumbo na utumbo. Je, katazo la ibuprofeni linatuhusu?

Jibu: Linawahusu, ingawa kwa viwango tofauti. Katika slivu daktari huondoa sehemu kubwa ya tumbo na kuliacha na umbo la mrija, wala hagusi utumbo, kwa hiyo kidonda cha mshononi kama nilivyokieleza hapo juu hakikuhusu. Kwa sababu hiyo baadhi ya madaktari huruhusu ibuprofeni kwa siku chache baada ya jeraha kupona kabisa, pamoja na dawa ya kupunguza asidi, huku wengine wakiikataza moja kwa moja. Mimi naegemea upande wa wanaokataza. Kiungulia huwasumbua wengi baada ya slivu, na baadhi yao hulazimika baadaye kufanyiwa baipasi kwa sababu hiyo hiyo au kwa sababu uzito umerudi. Kumzoesha mtu dawa ambayo huenda ikabidi aiache kabisa si jambo la busara. Mdogo wako naye asiguse ibuprofeni wala asprini kwa muda wote puto litakapokuwa tumboni, kwa kuwa puto hulisugua tumbo saa zote, na ukuta unaosuguliwa unahitaji kinga yake yote.

Swali: Shikamoo daktari. Niliambiwa nitumie parasetamoli peke yake, lakini hainisaidii mgongo hata nikimeza vidonge vitatu kwa mkupuo. Rafiki yangu ananishauri nitumie ile inayoyeyushwa kwenye maji, au ile ya kufanya kazi kwa muda mrefu. Nifuate ipi? Nilifanyiwa baipasi mwaka jana.

Jibu: Marahaba. Kwanza, vidonge vitatu kwa mkupuo usirudie. Kwa mtu mzima dozi ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa nne hadi sita, na jumla isizidi vidonge vinane, yaani gramu 4, ndani ya saa 24. Wewe huenda ukapaswa kubaki chini ya hapo. Watu wengi wanaofanyiwa upasuaji huu huwa na mafuta kwenye ini, na mtu anayekula kidogo sana, aliyepungua hadi chini ya kilo 50, au anayekunywa pombe, ini lake huwa na akiba ndogo ya kuiondolea sumu parasetamoli. Ndiyo maana madaktari huwapa watu hao kikomo cha gramu 3 au hata 2 kwa siku, hasa dawa inapotumika kwa muda mrefu. Muulize daktari kikomo chako ni kipi na ukiandike mahali utakapokiona.

Hesabu hiyo iingize pia dawa za mafua na kikohozi, kwa kuwa nyingi zina parasetamoli ndani yake, na baadhi zina asprini au ibuprofeni. Soma maandishi madogo kwenye pakiti kila mara, hata kama dawa unaifahamu kwa jina la kibiashara. Aliyezidisha parasetamoli anaweza kujisikia mzima siku nzima ya kwanza, huku ini likiharibika taratibu. Dawa ya kuzima sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kutolewa ndani ya saa nane. Anayejua kuwa amezidisha aende hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri dalili.

Pili, kutokupata nafuu hakumaanishi kwamba mwili wako hauinyonyi dawa. Parasetamoli ya kawaida huingia kwenye damu haraka baada ya baipasi, pengine haraka kuliko zamani. Mara nyingi shida ni namna ya kuitumia: kwa maumivu ya kila siku, dozi zinazomezwa kwa saa maalumu kwa siku kadhaa husaidia zaidi kuliko kungoja maumivu yapande ndipo umeze nyingi.

Tatu, aina ya dawa. Ile inayofanya kazi kwa muda mrefu achana nayo, na kanuni hiyo ishike kwa dawa zote, si parasetamoli pekee. Vidonge vya namna hiyo hutengenezwa viachie dawa kidogo kidogo vikisafiri katika tumbo na utumbo wenye urefu wa kawaida, na wewe sehemu ya safari hiyo imefupishwa, kwa hiyo haijulikani ni kiasi gani utakachokipata. Wala usijaribu kuvitwanga, maana dozi iliyokusudiwa kutoka kwa saa nyingi itatoka kwa wakati mmoja. Cha kutwanga, ikiwa kumeza kunakupa shida, ni kidonge cha kawaida peke yake, na hata hicho baada ya kumuuliza mfamasia. Ile inayoyeyushwa kwenye maji huweza kufaa, lakini iache povu litulie kabisa kwanza, kwa kuwa gesi hukitanua kijifuko chako na kukuletea maumivu. Halafu kila kidonge chake huwa na takriban miligramu 400 za sodiamu. Anayemeza vinane kwa siku anazidi miligramu 2,000, ambazo Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizifikie kwa siku nzima pamoja na chumvi ya chakula, na kwa mwenye shinikizo la damu hilo si dogo. Parasetamoli ya maji nayo ni nzuri katika wiki za mwanzo, ila chagua isiyo na sukari, kwa sababu sukari inayoingia ghafla utumboni huweza kukuletea jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuharisha.

Mgongo unaouma mfululizo hata baada ya kutumia dawa kwa utaratibu huu unahitaji kuchunguzwa. Kama maumivu yanashuka mguuni pamoja na ganzi, daktari anaweza kufikiria dawa za mishipa ya fahamu, mfano gabapentini, ambazo hazina madhara ya vidonda.

Swali: Nilifanyiwa baipasi miaka miwili iliyopita na nimepungua kilo nyingi. Siku hizi napata msokoto wa tumbo, hasa nikimaliza kula, ambao huja na kuondoka. Naomba unitajie dawa kali lakini salama ya kuutuliza, kwa sababu parasetamoli huupunguza kidogo tu.

Jibu: Ndugu msomaji, wewe sikutajii dawa yoyote. Nakuomba uende ukapimwe wiki hii, na ikiwezekana kwa daktari anayeufahamu upasuaji huu.

Mtu anapopungua sana baada ya baipasi, mafuta yaliyo kwenye utando unaoshikilia utumbo nayo hupungua, na nafasi zilizoachwa wakati utumbo ulipopangwa upya hupanuka. Kipande cha utumbo kinaweza kupenya katika nafasi hiyo, kikabanwa, kisha kikajiachia chenyewe. Madaktari huiita hali hiyo henia ya ndani. Mtu huumwa msokoto baada ya kula, kisha anapata nafuu kamili, na vipimo vinavyofanyika wakati wa nafuu vinaweza kuonekana havina tatizo. Siku ambayo utumbo hautajiachia, damu hukatika, na kipande hicho cha utumbo huanza kufa ndani ya saa chache. Hata picha ya CT huweza kukosa kuionyesha, kwa hiyo daktari mjuzi akiishuku sana ataamua kuingiza kamera tumboni na kuangalia. Siwezi kusema kwa barua kwamba ndicho ulicho nacho, kwa sababu mawe ya kwenye kifuko cha nyongo, ambayo huwapata wengi wanaopungua kwa kasi, nayo huleta maumivu baada ya kula, kwa kawaida upande wa kulia chini ya mbavu, na kidonda cha mshononi huunguza chini ya kidari. Lakini katika hali zote hizo tatu, dawa kali ya maumivu itakuchelewesha tu kuigundua ile yenye haraka.

Usisubiri hata miadi ya wiki hii endapo maumivu yatashika bila kuachia, yataambatana na kutapika au tumbo kujaa, utapata homa, mapigo ya moyo yatapita 120 kwa dakika ukiwa umetulia, utatapika damu, au choo kitakuwa cheusi. Nenda chumba cha dharura, na neno la kwanza utakalosema pale mapokezi liwe kwamba ulifanyiwa baipasi ya tumbo.

Swali: Nina miaka 28. Tangu nikiwa shuleni maumivu ya hedhi nimeyatuliza kwa asidi ya mefenamiki, na sasa baada ya baipasi nimekatazwa. Siku mbili za mwanzo siwezi hata kwenda kazini. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, dada. Dawa uliyokuwa ukiitumia inafaa kwa maumivu hayo kwa sababu yanaletwa na prostaglandini zenyewe, na ndiyo maana kukatazwa kwake kumekuumiza. Anza parasetamoli mara tu dalili za kwanza zinapoonekana, kabla msokoto haujakolea, na uweke joto la chupa ya maji ya moto au pedi ya joto chini ya kitovu, njia ambayo tafiti zimeonyesha kuwa inapunguza maumivu kweli kweli. Daktari anaweza kukuongezea dawa ya kulegeza misuli ya tumbo.

Lakini kwa maumivu yanayokulaza siku mbili kila mwezi, ningependa uonane na daktari wa wanawake, kwanza ili aangalie kama kuna ugonjwa unaoyasababisha, na pili ili mzungumzie kitanzi chenye homoni. Kitanzi hicho hupunguza damu na maumivu, na hakitegemei utumbo kunyonya dawa, tofauti na vidonge vya uzazi wa mpango ambavyo unyonyaji wake baada ya baipasi hauna uhakika. Kama hujatimiza mwaka mmoja hadi mmoja na nusu tangu upasuaji, kitakusaidia pia kuchelewesha ujauzito, kama madaktari wanavyoshauri katika kipindi hicho.

Swali: Wiki ya tatu baada ya slivu, kidole gumba cha mguu kilivimba usiku mmoja na kuwa chekundu. Nina historia ya jongo, na zamani nilitumia indomethasini. Sasa je?

Jibu: Jongo hupenda kuamka katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, kwa sababu kupungua kwa kasi na kukosa maji ya kutosha hupandisha asidi ya yuriki. Indomethasini iache. Mbadala wa kawaida ni kolchisini kwa dozi ndogo iliyoandikwa na daktari baada ya kuangalia figo zako. Ukianza kuharisha mjulishe mara moja, kwa kuwa mwili wako wa sasa hauna maji ya ziada ya kupoteza. Kama unatumia klarithromisini, dawa inayotolewa mara nyingi kutibu Helicobacter pylori, sema kabla hujapewa kolchisini, kwa sababu zikikutana kolchisini hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu. Ikiwa ni kiungo kimoja tu, sindano ya steroidi ndani ya kiungo ni njia nyingine. Alopurinoli, kama ulikuwa ukiitumia kila siku, usiikatishe. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima.

Swali: Mke wangu alipotoka hospitalini alipewa tramadoli kwa ajili ya maumivu ya mshono. Huu ni mwezi wa pili na bado anaitafuta. Anatumia pia dawa ya sonona, na kwenye sherehe hunywa mvinyo kidogo. Nina wasiwasi, lakini sitaki kumkwaza.

Jibu: Wasiwasi wako una msingi, na nakupongeza kwa kuandika. Tramadoli, kodeini na mofini hazileti vidonda vya tumbo, na katika siku za mwanzo baada ya upasuaji zina nafasi yake. Hatari zake ni nyingine. Tramadoli ikichanganywa na dawa nyingi za sonona inaweza kusababisha kutetemeka, homa, kuchanganyikiwa na hata degedege. Inaweza pia kushusha sukari, jambo ambalo kwa mtu aliyefanyiwa baipasi linaweza kumtokea hata bila dawa. Mvinyo nao, ambao baada ya baipasi hupanda kichwani haraka na kwa nguvu kuliko zamani, ukikutana na tramadoli huweza kupunguza pumzi usingizini, hasa kama alikuwa na tatizo la kukoroma na kukatika pumzi.

Maumivu ya mshono hayatarajiwi kuhitaji dawa hii katika mwezi wa pili. Basi ama kuna tatizo ambalo halijagunduliwa, ama mwili wake umeanza kuizoea dawa, na yote mawili ni mambo ya kitabibu ambayo hayapaswi kumwaibisha. Nenda naye kwa daktari. Asiikatishe ghafla kama amekuwa akiimeza kila siku, kwa sababu dawa hii hupunguzwa kwa hatua. Vidonge vitakavyobaki virudisheni duka la dawa. Pombe aiache kabisa tangu leo.

Swali: Miaka minne baada ya baipasi, mifupa yote inaniuma, mbavu, nyonga na miguu. Vidonge vya vitamini niliviacha zamani. Parasetamoli haifui dafu.

Jibu: Na haitafua dafu, kwa sababu maumivu hayo huenda ni ya mifupa iliyolegea kwa kukosa vitamini D na kalsiamu. Omba upimwe vitamini D, kalsiamu, na homoni ya tezi za paradundumio inayozitawala, pamoja na vitamini B12, hasa kama una ganzi miguuni. Kalsiamu sitreti inafaa zaidi kwako kuliko kalsiamu kaboneti, kwa kuwa haihitaji asidi nyingi ili inyonywe, na kiasi kinachopendekezwa baada ya baipasi ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu. Rudia vitamini zako, na usizikatishe tena.

Swali: Baba yangu ana miaka 63 na humeza asprini ya miligramu 75 kila siku tangu alipowekewa stenti kwenye mshipa wa moyo. Mwezi ujao atafanyiwa baipasi ya tumbo. Amesikia kwamba asprini imekatazwa na anataka kuiacha kuanzia sasa.

Jibu: Mzuie, tafadhali. Asprini ya dozi ndogo anayoimeza baba haitulizi maumivu, bali inazuia damu isigande ndani ya stenti, na kuiacha bila idhini kunaweza kumletea shambulio la moyo. Inayokatazwa baada ya upasuaji ni asprini ya dozi kubwa inayomezwa kwa ajili ya kichwa au viungo. Hiyo ya moyo huamuliwa na daktari wa moyo na daktari wa upasuaji wakiwasiliana, na mara nyingi huendelea pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Kwenye miadi ya kabla ya upasuaji aende na pakiti za dawa zote anazotumia, zikiwemo za asili, maana gome la mti wa wilo lina kemikali ya jamii ya asprini, na baadhi ya dawa za asili za viungo zimewahi kukutwa zimechanganywa na diklofenaki au steroidi kwa siri. Siku hiyo hiyo aandikiwe dawa ya maumivu atakayorudi nayo nyumbani.